Kompyuta za steshenari yangu zinatumia Firefox, na hizi ndizo sababu. Wewe unatumia kivinjari gani, na kwa kazi gani?

MLETA UZI, MOROGORO

Wakuu, heshima kwenu.

Swali la kivinjari kipi bora likiletwa humu, majibu huwa yaleyale: Chrome ina kasi, Firefox ina faragha, Opera inabana bando. Halafu uzi unakufa. Naomba safari hii tulitazame kutoka mezani kwa mtu anayetegemea kivinjari kupata riziki.

Nina steshenari karibu na chuo. Wateja wangu wengi ni wanafunzi na wahitimu: maombi ya mkopo, maombi ya chuo, Ajira Portal, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), kusajili jina la biashara BRELA, kuchapa CV, kuskani vyeti. Kompyuta moja inapitiwa na watu wasiojuana kuanzia asubuhi hadi tunafunga, na kila mmoja anapita na vitu vyake: barua pepe, nywila, namba ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, wengine hadi namba ya akaunti ya benki. Kwa hiyo kivinjari chochote nakiuliza kwanza hili: mteja akishainuka kwenye kiti, kitu gani chake kinabaki kwenye mashine yangu?

Tatizo lenyewe liko hivi. Msimu wa maombi ya mkopo, wanafunzi wamepanga foleni hadi barazani. Kijana wa steshenari anafungua mfumo kwa ajili ya mwanafunzi wa kwanza, picha inapanda taratibu kwa sababu mtandao umezubaa. Ili asipoteze muda anafungua kichupo (tab) cha pili na kuingia kwa akaunti ya mwanafunzi wa pili. Anarudi kwenye kichupo cha kwanza. Jina lililo juu bado ni la yule wa kwanza, kwa kuwa ukurasa haujapakiwa upya. Anajaza taarifa za mzazi, anabonyeza kuhifadhi, na taarifa zinaingia kwenye fomu ya mwanafunzi wa pili. Hakuna aliyeona. Inakuja kugundulika fomu imeshachapwa, mtu anasoma jina la baba ambaye si wake.

Kinachosababisha hayo ni vidakuzi (cookies). Ukiingia kwenye akaunti, tovuti inakipa kivinjari kidakuzi cha kukutambulisha, na kivinjari kinakitumia kidakuzi hicho kwenye vichupo vyote vya tovuti ile. Mwingine akiingia, kidakuzi chake kinachukua nafasi ya kile cha mwanzo. Hali fiche (Incognito) haiokoi hapa, maana madirisha ya hali fiche yaliyofunguliwa kwa wakati mmoja yanatumia vidakuzi kwa pamoja. Hali ya mgeni (Guest) ya Chrome nayo ni vivyo hivyo.

Firefox ina kiendelezi, yaani programu ndogo ya kuongezea kwenye kivinjari, kilichotengenezwa na Mozilla wenyewe, wenye Firefox, Multi-Account Containers. Sisi hapa tunasema makontena. Kila kontena lina vidakuzi vyake na halioni vya jirani. Nimeyapa rangi: bluu, kijani, chungwa, kila mteja aliyeko mezani na la kwake. Mstari wa rangi unakaa kwenye kichupo, hivyo kijana anamwambia mteja "wewe ni wa kijani", na wote wawili wanakuwa na kitu cha kukihakiki kabla ya kubonyeza. Kazi ikiisha kontena linafutwa, na vidakuzi vyake vinaondoka nalo.

Sababu ya pili ni akaunti za watu. Mtu akiingia Gmail ndani ya Chrome, Chrome nayo inataka kuingia kwa akaunti hiyohiyo. Mwaka 2018 ilianza kufanya hivyo yenyewe bila kuuliza, watu wakalalamika, ukawekwa mpangilio wa kuzima. Siku hizi inauliza. Lakini mteja mwenye haraka anabonyeza kitufe cha kukubali bila kusoma, na kuanzia hapo alamisho zake (kurasa alizoziwekea alama) na nywila alizohifadhi kwenye simu yake zinapatikana kwenye kompyuta ya steshenari. Firefox nayo ina akaunti yake ya usawazishaji (sync), ila haihusiani na Gmail ya mtu. Mteja anaingia kwenye barua pepe, anachukua kiambatanisho chake, anatoka, na kivinjari hakijamgusa.

Ya tatu ni matangazo. Mwanafunzi anakuja kupakua mitihani ya nyuma au programu fulani, anakuta ukurasa una vitufe vinne vya kijani vilivyoandikwa pakua, na cha kweli ni kimoja, kidogo, kiko chini kabisa. Nimeweka kiendelezi cha kuzuia matangazo, uBlock Origin, kazi ya Raymond Hill, ya bure kabisa. Vile vitufe vya uongo vinatoweka. Wakuu, hili si suala la kukerwa na matangazo. Hapo ndipo virusi vingi vinapoingilia kwenye kompyuta za biashara kama zetu, halafu vinahamia kwenye flashi ya kila anayekuja kuchapa. Chrome ilibadilisha utaratibu wa viendelezi, na kufikia mwaka 2025 uBlock Origin yenyewe ilikuwa imezimwa kule. Imebaki ile ndogo, uBlock Origin Lite, ambayo inasaidia ila uwezo wake ni mdogo zaidi. Kwenye Firefox ile kamili bado inafanya kazi.

Ya nne inahusu mashine zetu wenyewe. Steshenari nyingi bado zina kompyuta za Windows 7 zilizonunuliwa mtumba. Chrome iliacha kuzihudumia mwanzoni mwa 2023, toleo la 109 likawa la mwisho kwao. Firefox 115 ya mwaka huohuo, lile toleo la msaada wa muda mrefu, iliendelea kupelekewa marekebisho ya usalama kwenye Windows 7 kwa muda mrefu baada ya hapo. Kwa mtu ambaye hana hela ya kununua mashine mpya, hicho si kitu kidogo.

Firefox inanikwamisha wapi? Kuna mifumo ya maombi iliyojaribiwa kwenye Chrome peke yake. Unabonyeza kitufe cha kuendelea, kinakaa kimya. Kwa hizo nafungua Edge, kwa kuwa imo ndani ya Windows tayari na kuanzia Januari 2020 inatumia injini, yaani ile sehemu ya ndani inayosoma kurasa, ileile ya Chrome. Na kuhusu kasi, kwenye kompyuta ya RAM ya GB 4 sijaona tofauti ya kumfanya mtu ahame. Ukifungua vichupo vingi, vyote vinalemea.

Karibuni. Semeni mnatumia nini na kwa kazi ipi.

MDAU, MWANZA

Mkuu umeeleza vizuri, ila umeongelea kompyuta. Wengi wetu humu intaneti ni simu. Mimi natumia Opera Mini tangu enzi za simu za Nokia za vitufe, zile za Java, na sijaona sababu ya kuiacha. Bando la wiki linafika. Hizo faragha sawa, lakini MB zikiisha hata hiyo faragha huna pa kuitumia.

MLETA UZI

Kaka wa Mwanza, hoja yako nzito na siipingi. Opera Mini ilisambaa duniani mwaka 2006, na kwa watu wengi wa ukanda huu ndiyo iliyowafungulia intaneti. Isipokuwepo ile, mtu mwenye simu ya vitufe asingesoma hata gazeti.

Ila ni vizuri ujue MB zinapunguaje. Ukiweka ubanaji wa kiwango cha juu kabisa, simu yako haiendi kwenye tovuti. Inakwenda kwenye seva za Opera, seva ndizo zinazofungua tovuti, zinaukandamiza ukurasa, zinakutumia wewe uliokwisha kubanwa. Wao wenyewe wanasema data inaweza kupungua hadi asilimia 90. Maana yake seva hiyo imeuona ukurasa wote kabla yako, hata ule wenye alama ya kufuli. Opera hawajaficha hilo: wameeleza kwamba anayehitaji ulinzi kamili kutoka kifaa chake hadi kwenye tovuti atumie kivinjari cha kawaida.

Kwa hiyo soma habari, matokeo ya mpira, mijadala kama huu, kwa Opera Mini bila wasiwasi. Ukifika kwenye benki, barua pepe au mfumo wa serikali wenye namba yako ya NIDA, zima ubanaji huo au hamia kivinjari kingine kwa dakika hizo.

Na kama ni bando, jaribu Firefox ya Android ukiweka uBlock Origin. Inakubali viendelezi kwenye simu, wakati Chrome ya simu haikubali. Kwenye tovuti za habari zilizojaa matangazo ya video, sehemu kubwa ya MB zinakwenda kwenye hayo matangazo. Yakizuiwa hayapakuliwi kabisa. Haitabana kama Opera Mini, lakini hakuna seva ya mtu katikati. Chrome nayo ilikuwa na hali yake ya kubana data, wakaiondoa mwaka 2022.

MDAU, MOMBASA

Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Chrome na sioni haya kusema. Simu yangu Android, kazi yangu iko kwenye Gmail na Drive, nywila zangu zote zimo humo. Nikiibiwa simu leo, nanunua nyingine, naingia akaunti, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Pia inanitafsiria kurasa za Kiarabu za wauzaji wa Dubai ninaofanya nao biashara. Nikahamie Firefox kutafuta nini?

MLETA UZI

Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwa maisha uliyoyaeleza, Chrome inakufaa. Simu ni yako peke yako, kazi yako imo Google tayari, na kurudishiwa vitu vyako baada ya kuibiwa ni faida ya kweli. Nisingekushauri uhame kwa sababu tu mimi nimehama.

Nina neno moja tu. Hali fiche usiichukulie kuwa pazia mbele ya Google. Kulikuwa na kesi Marekani iliyofunguliwa mwaka 2020 kuhusu taarifa zilizokusanywa watu wakiwa kwenye hali fiche, na mwaka 2024 Google ilikubali kufuta rekodi nyingi sana za watumiaji kama sehemu ya suluhu. Hali fiche inakuficha kwa mtu atakayeshika simu yako baada yako. Tovuti unazozitembelea na kampuni ya mtandao zinakuona kama kawaida.

Halafu kaa chonjo na viendelezi. Mwaka 2021 Google iliiondoa The Great Suspender, kiendelezi kilichokuwa kwenye kompyuta za watu wengi mno, baada ya kubadili mmiliki na kuwekewa msimbo wa hatari. Hilo linaweza kutokea kwenye Firefox pia. Weka vichache unavyovihitaji, basi.

MDAU, ARUSHA

Natumia iPhone na nimeweka Chrome na Firefox zote mbili. Kusema kweli sioni tofauti zaidi ya rangi.

MLETA UZI

Uko sahihi, na sababu ipo. Kwenye iPhone, Apple inataka vivinjari vyote vitumie injini yake, WebKit, ileile ya Safari. Chrome na Firefox za kwako zina sura zao na usawazishaji wao, ila kinachosoma ukurasa ni injini ya Safari. Umoja wa Ulaya uliilazimisha Apple kulegeza hilo kwa watu wa kule kuanzia iOS 17.4, Machi 2024. Huku kwetu utaratibu bado ni ule wa zamani. Wewe chagua kwa kuangalia alamisho na nywila zako unataka zikae wapi.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndilo jambo linaloniumiza zaidi kwenye mada hii yote. Ukihesabu majina ya vivinjari utadhani chaguo ni kubwa: Chrome, Edge, Brave, Opera, Vivaldi, Samsung Internet. Vyote hivyo vinatumia injini moja, Blink, ambayo mwenye sauti kubwa juu yake ni Google. Opera yenyewe ilikuwa na injini yake hadi mwaka 2013, ikaiacha. Zimebaki tatu za maana: Blink, WebKit ya Apple, na Gecko ya Firefox. Kwenye Windows na Android, ukiitoa Firefox na ndugu zake wachache, karibu kila kitu ni Google.

Tumeshawahi kupita njia hii. Kivinjari cha Netscape kilitoka mwaka 1994 na kikashika soko. Microsoft ikaweka Internet Explorer bure ndani ya Windows, Netscape ikakosa hewa, na mwaka 1998 serikali ya Marekani ikaishtaki Microsoft. Wakati kesi inaendelea Explorer ilishashinda. Toleo la 6 lilitoka 2001, na toleo la 7 halikuja hadi 2006. Miaka mitano bila toleo jipya, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwasukuma. Watengenezaji wa tovuti wakaandikia Explorer peke yake, na taasisi nyingi zikabaki na mifumo isiyofunguka kwingine hadi miaka ya karibuni. Firefox, iliyozaliwa kutokana na msimbo ambao Netscape waliuweka wazi mwaka 1998, ilipotoka Novemba 2004 ndipo mambo yakaanza kusogea tena.

Ule mfumo unaogoma kwenye Firefox dukani kwangu ni ugonjwa uleule umerudi na jina jipya. Mtengenezaji amejaribu kwenye Chrome, kimefunguka, amefunga kazi. Kila ninapokutana nao naandika barua pepe kwa wahusika, naeleza kitufe gani kimegoma na toleo gani la Firefox. Kuna waliorekebisha.

MDAU, DAR ES SALAAM

Mleta uzi unaisifia Firefox kana kwamba Mozilla ni malaika. Sehemu kubwa ya mapato yao inatoka Google hiyohiyo, wanalipwa ili Google iwe ndiyo injini ya utafutaji ya mwanzo. Na Februari 2025 waliondoa ile ahadi ya kutouza taarifa za watumiaji. Mimi nipo Brave, matangazo yamezuiwa tangu unapoifungua, huhitaji kiendelezi.

MLETA UZI

Yote uliyosema kuhusu Mozilla ni kweli, na ni vizuri yasemwe. Ile ya Februari 2025 iliniudhi hata mimi. Walileta masharti ya matumizi yenye lugha pana mno, watu wakapiga kelele, wakaandika upya kwa lugha iliyo wazi zaidi. Afadhali walisikia, ila imani ya watu iliguswa.

Hilo la pesa za Google ni kubwa zaidi. Agosti 2024 mahakama Marekani iliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Septemba 2025 jaji wa kesi hiyo alikataa kuilazimisha iuze Chrome, akazuia mikataba ya kipekee lakini hakupiga marufuku malipo. Angeyapiga marufuku, Firefox ingekuwa mashakani. Ni unyonge wa kweli.

Brave ni kivinjari kizuri. Mwanzilishi mwenza wake Brendan Eich ndiye aliyetengeneza JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti, mwaka 1995, na uzuiaji wa matangazo uko ndani yake, kwa hiyo mabadiliko ya viendelezi ya Google hayakuugusa. Kwa mtu mmoja na laptop yake, ningemwambia aiweke leo. Lakini nayo ina ya kwake: mwaka 2020 ilibainika kwamba ukiandika anwani ya masoko fulani ya sarafu za kidijitali, inajaza yenyewe kiungo chenye kuwaingizia wao kamisheni. Waliomba radhi na kuondoa. Kinachonizuia mimi ni makontena. Kwa wateja watatu mezani ninayahitaji, na Brave ni Blink vilevile.

MDAU, DODOMA

Kaka, mimi pia nina steshenari, ndogo tu, kompyuta mbili. Naomba nieleze hayo makontena yanawekwaje, na baada ya hapo nifanye nini kingine. Wiki iliyopita mama mmoja alirudi analalamika kwamba picha ya cheti chake mtu mwingine ameiona kwenye kompyuta yangu.

MLETA UZI

Dada yangu, asante kwa kuuliza wazi. Hicho cha cheti hakikutoka kwenye kivinjari, kilibaki kwenye folda ya Downloads. Hakuna kusafisha historia kutakakoondoa faili lililoshapakuliwa. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine, tengeneza folda moja kwenye desktop, iite Wateja, uelekeze kivinjari kihifadhi humo, na programu ya skana nayo ihifadhi humohumo. Kila mteja akiondoka, chagua vyote, shikilia Shift, bonyeza Delete, ili visiende kwenye kapu la taka. Mbele ya macho yake, akiwa bado amesimama. Watu wanafurahi sana kuliona hilo.

Sasa kivinjari. Fungua Firefox, nenda kwenye ukurasa wa viendelezi, tafuta Multi-Account Containers, hakikisha mtengenezaji ni Mozilla. Ukishaiweka, shikilia kidogo alama ya kujumlisha ya kufungulia kichupo kipya, itakuletea orodha ya makontena. Futa yaliyokuja nayo, tengeneza ya kwako kwa rangi. Kisha ingia mipangilio, sehemu ya faragha na usalama. Ondoa tiki kwenye kuuliza kuhifadhi nywila, na kwenye kujaza anwani na kadi. Kwenye historia usichague isikumbuke kabisa, maana hapo makontena yanazimika. Chagua mipangilio maalumu, halafu weka tiki kwenye kufuta historia kila Firefox inapofungwa, na uhakikishe vidakuzi vimo. Mwisho wa siku funga dirisha lote kweli, usiache kompyuta imelala.

Kuna kitufe kingine cha Forget, unakivuta kwenye upau wa juu kupitia sehemu ya kupanga vitufe. Kinafuta ya dakika 5 zilizopita, au saa 2, au saa 24. Mteja wa haraka aliyeingia barua pepe kuchukua kiambatanisho, dakika 5 zinamtosha.

Weka uBlock Origin kwenye kompyuta zote mbili. Ikitokea mfumo wa maombi umegoma, ijaribu bila uBlock kwanza kwa tovuti hiyo pekee, ukigoma tena fungua kwa Edge katika hali ya mgeni, mteja mmoja kwa wakati mmoja.

Na huyo mama mpigie simu, mwambie faili limefutwa na mpangilio umebadilika. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za wateja tunazozishika sisi wenye steshenari zimo ndani yake kama za mtu mwingine yeyote. Ukikwama kwenye hatua yoyote andika hapahapa, jioni nikifunga nitakujibu.